Land Rover 109: mshale wa spidomita unaganda, kilomita zimesimama 38,999. Naombeni ushauri

Binti wa Iyunga

Habari za jioni wakuu. Shikamooni wazee wangu mliomo humu.

Nipo Mbeya, na gari ni Land Rover 109 Series III ya mwaka 1976. Ni gari la baba. Amelitumia kazini na shambani kwake Tukuyu, na mwaka jana alinikabidhi funguo kwa sababu macho yamechoka. Pamoja na funguo alinipa daftari la jalada gumu alilokuwa akiandika kilomita kila alipobadili oili, tairi au breki. Spidomita ina tarakimu tano tu, ikifika 99,999 inaanza upya, na kwa mujibu wa daftari imeshazunguka mara mbili.

Tatizo lilianza mwezi wa tano, baridi ilipoanza kukolea. Nikitoka asubuhi mshale unachezacheza kati ya 20 na 50, na nyuma ya dashibodi kuna mlio mwembamba kama wa panya aliyebanwa. Nikapeleka kwa fundi mmoja. Akafungua kebo ya spidomita kwa juu, akamimina oili ya injini ndani ya bomba lake mpaka ikajaa, akafunga. Mlio ukaisha kweli. Nikamlipa, nikashukuru.

Wiki tatu baadaye nilikuwa napanda kuelekea Uyole nyuma ya lori la shehena, tunajikokota, mshale unasoma 80. Nikasimama kabisa, mshale ukabaki 60, ukaanza kushuka polepole kama jua la jioni. Kilomita nazo zimesimama 38,999, ile 9 ya mwisho imepanda nusu na kichwa cha sifuri kinaonekana kwa chini. Kioo kwa ndani kina utando wa mafuta.

Nikienda Tukuyu, baba akishapokea salamu swali lake la kwanza ni "Imefika ngapi?" Mara tatu sasa sina jibu.

Wapo wanaoniambia nitupe, nifunge ya kidijitali. Mimi nataka hii hii ipone. Nianzie wapi? Na zile kilomita ambazo hazikuhesabiwa, ni sawa kuzisogeza mbele?

Dereva wa Tanzam

Pole dada. Wakati unatafuta ufumbuzi, washa GPS ya simu ikusomee mwendo, uishikize kwenye dashi. Vijijini mwisho ni 50, na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo hataki habari za mshale kuganda. Faini ni elfu 30 na muda wako juu.

Fundi Mstaafu Mafinga

Binti yangu, marahaba. Aliyemimina oili hakukutakia mabaya, lakini hapo ndipo mita yako ilipozamishwa. Nitakueleza kinachofanyika mle ndani, asije mwingine akakurudishia ugonjwa uleule.

Kebo haijaungana na mshale. Inazungusha sumaku ndogo. Sumaku hiyo imefunikwa na kikombe cha aluminiamu bila kugusana nacho, na kikombe ndicho kilichobeba mshale. Sumaku ikizunguka inaamsha umeme kidogo ndani ya kikombe, kikombe kinavutwa kifuate mzunguko, na springi nyembamba kama unywele inakirudisha nyuma. Mvuto na springi vinapotoshana nguvu, hapo ndipo mshale unatulia. Mjerumani Otto Schulze aliisajili mbinu hii mwaka 1902, na baba zetu wote wameendesha kwa hiyo. Nafasi kati ya sumaku na kikombe ni finyu mno. Ikijaa oili, sumaku inakiburuta kikombe kwa ule mnato. Ndiyo 80 yako nyuma ya lori. Na asubuhi ya baridi oili ni nzito, inaburuta zaidi.

Kilomita zina njia yake. Kama mita yako ni ya kampuni ya Smiths, kama ilivyo kwenye Series III nyingi, kuna kijiti kidogo kinachosukuma gurudumu lenye meno ya msumeno, jino moja moja. Grisi ya zamani ikichanganyika na oili na vumbi, kijiti hakirudi vizuri kushika jino linalofuata. Na tazama iliposimama: kutoka 38,999 kwenda 39,000 magurudumu manne yanageuka kwa mpigo. Hapo mzigo ni mkubwa kuliko pengine pote, na kilichochoka hukwama hapo.

Ila usianze na mita. Anza na kebo, kwa sababu ukisafisha mita ukairudishia kebo iliyojaa oili, mwezi haupiti. Chomoa waya wa ndani wote, ufute, uulaze juu ya kioo cha meza uuviringishe kwa viganja. Ukiruka mahali umepinda, huo haufai, na hiyo ndiyo asili ya mshale kuchezacheza. Kisha nusa mafuta yaliyotoka. Ni oili ya injini, au yana harufu kali kama ya kiberiti? Nijibu kabla hujafanya lingine.

Kijana wa Sido

Mzee ameeleza vizuri, ila kwa nini ateseke? Mita za mtumba zipo. Anabadilisha nusu saa, safari inaendelea.

Msafiri wa Kyela

Kijana, nilifanya hivyo kwenye pickup yangu ya Kijapani nikajuta. Mita siyo balbu. Kila moja imetengenezwa kwa idadi yake ya mizunguko ya kebo. Za Kijapani za kebo kwa kawaida ni mizunguko 637 kwa kilomita. Za kampuni ya VDO zimeandikwa W= na namba, hiyo ni mizunguko ya kebo kwa kila mita moja ya barabara. Za Kiingereza nyingi zina namba ndogo chini ya uso, na nyingine zinahesabu maili. Mimi nilifunga isiyo yake, ikawa inanidanganya kila siku, na kosa langu nikaligundua kwenye hesabu ya dizeli.

Binti wa Iyunga

Fundi, nimechomoa leo. Waya wa ndani umepinda mahali pawili, nimeuona ukiruka juu ya kioo kama ulivyosema. Na mafuta yananuka kiberiti, harufu iliyogoma kutoka mikononi hata kwa sabuni ya unga. Ina maana gani?

Fundi Mstaafu Mafinga

Ina maana fundi wako hakuwa peke yake. Hiyo ni oili ya gia, imepanda yenyewe kutoka transfa, lile boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Kwenye 109 kebo inachukua mzunguko wake nyuma ya transfa, pale ngoma ya hendibreki ilipo, na kile kispindo kidogo kinachozungusha kebo kina sili yake ya kuzuia oili. Sili ikifa, kebo inakuwa bomba la kupandishia oili hadi usoni kwako. Fungua ngoma utazame: kama ndani ni pakavu, sili kubwa ni nzima, badilisha hiyo ndogo tu. Kama pamelowa, badilisha zote mbili, na viatu vya hendibreki vilivyolowa usivirudishe.

Sasa nisikilize kwa makini. Hendibreki ya gari hili inashika propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, haishiki magurudumu. Ukiinua tairi moja la nyuma kwa jeki, difu inaliachia hilo la chini lizunguke, na gari linatembea hata kama hendibreki umeivuta mpaka mwisho. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi ya mbele kabla hujaingia chini. Nimeshuhudia mtu akivunjwa mguu kwa kutojua hili.

Kebo nunua mpya, waya na bomba lake. Waya wa ndani utokeze kama milimita 10 upande wa mita. Paka grisi nyembamba, lakini sentimita 20 za juu ziache kavu, kwa sababu grisi nayo hupanda. Usiikunje kona kali kuliko duara la nusu kipenyo cha sentimita 15, na usiilaze karibu na ekzosi.

Saa na Redio Iringa

Dada, mita yenyewe mpelekee fundi saa, usimpe fundi gari. Mimi ni fundi saa na nimefungua kadhaa. Mwambie mambo haya: aweke alama mahali mshale unapolala kabla hajaugusa. Asiung'oe kwa nguvu, springi ikipinda huipati tena. Petroli na tina ya kuyeyushia rangi zisiguse magurudumu ya namba, rangi nyeupe inaondoka na tarakimu zinafutika. Kikombe na sumaku vibaki vikavu kabisa. Tone moja la mafuta ya saa kwenye ekseli, basi.

Kuhusu kusogeza namba, maoni yangu asogeze. Mita inatakiwa kusema gari limetembea kiasi gani.

Mwalimu wa Njombe

Hapo natofautiana nawe kaka. Akisogeza, atasogeza kwa makisio, na namba ya makisio ikishakaa kwenye mita haina tofauti na namba ya kweli. Siku akiuza gari, mnunuzi atajuaje? Aiache iendelee pale iliposimama na pengo aliandike kwenye daftari. Baba yake amelitunza kwa uaminifu miaka yote hiyo, nafasi ya kuandika jambo kama hili imo.

Binti wa Iyunga

Wakuu, narudi na mrejesho. Ngoma ilikuwa kavu, kwa hiyo nimebadilisha sili ndogo na kebo. Mita nilimpelekea mzee mmoja fundi saa hapa mjini, nikakaa naye mwanzo mwisho. Alichora alama ya mshale kwa penseli, akafungua, akanionyesha kile kijiti chini ya lenzi yake. Kilikuwa kimezama kwenye grisi nyeusi kama lami. Aliichokoa kwa kijiti cha kuchokolea meno, kidogo kidogo, anafuta kwenye kitambaa, anarudi. Ilimchukua karibu masaa mawili. Kisha akalisukuma gurudumu kwa ncha ya kibano, na nikasikia meno yakilia tik, tik. Nilitamani baba angekuwepo.

Basi nikamwomba asiivushe ile 9. Nikaenda Tukuyu na tundu wazi kwenye dashibodi, simu inanisomea mwendo, nikaifunga mita huko uani kwa baba. Nikamkalisha pembeni, tukatoka kuelekea Kiwira. Hatukumaliza hata kilomita moja. Namba zote zikaanza kupanda pamoja, taratibu, zikakaa: 39,000. Baba alivua miwani akainama karibu kabisa na kioo. Hakusema neno mpaka tulipogeuza.

Kuhusu pengo, ameamua mwenyewe. Tumehesabu safari zangu sita za Mbeya na Tukuyu, kama kilomita 70 kwenda na 70 kurudi, tukajumlisha za mjini. Ameandika: "39,000. Spidomita imetengenezwa. Haikuhesabu kama 1,000."

Limebaki moja. Wakati wa kurudi nilifuata vibao vya kilomita vya barabarani. Kila kilomita 10 za vibao, mita inahesabu 11. Mshale nao unaizidi simu kwa kiasi hicho hicho. Kuna kilichoharibika?

Fundi Mstaafu Mafinga

Kasome ubavu wa tairi uniambie.

Binti wa Iyunga

235/70R16. Nililikuta nazo.

Fundi Mstaafu Mafinga

Basi mita ni nzima. Gari hilo lilitoka na 7.50-16, tairi la kimo cha karibu sentimita 81. Hizo zako ni kama 73 na nusu. Tairi fupi linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na mita inahesabu mizunguko, haioni barabara. Zikiisha hizo, rudisha 7.50, usiguse springi ya mita.

Binti wa Iyunga

Nimeelewa mzee wangu. Nimempigia baba, ameongeza mstari chini ya ule wa kwanza: tairi fupi, zidisha kwa 0.91 mpaka zitakapobadilishwa. Ndaga fijo, asanteni sana nyote.