Kola shingoni: katuni za wanyama za Hanna-Barbera zilichorwaje, na leo mtu achoreje kwa mtindo ule?

dubu_mpole:

Wakuu, salaam. Tunaozipenda katuni za zamani za wanyama tunajua kwamba Tom na Jerry na Yogi Bear walitoka mikononi mwa watu walewale wawili, William Hanna na Joseph Barbera. Lakini ukizitazama moja baada ya nyingine, tofauti ni kubwa. Tom akikimbia, mwili mzima unakimbia: mgongo unapinda, mkia unafuata, masikio yanalala. Yogi akiongea, kiwiliwili kimeganda, kinachocheza ni kichwa tu, na bado mtu hachoki kumtazama.

Nina maswali mawili. Kwa nini karibu kila mnyama wao ana kitu shingoni, hata asiye na vazi lingine lolote? Yogi ana kola na tai, yule mbwa Huckleberry Hound ana tai ya kipepeo, simba wa milimani Snagglepuss ana kola na pindo za mikono ya shati bila shati lenyewe, Scooby-Doo ana ukanda.

La pili: nataka kuchora kipande cha sekunde 20 kwa mtindo huohuo. Dubu anaingia akitembea, anasimama, anasema sentensi mbili, anatoka mbio. Vifaa ni kompyuta na bamba la kuchorea. Nianzie wapi, na nijiandae kwa michoro mingapi?

karatasi_angavu:

Mkuu, kola ipo kuficha kiungo. Enzi hizo kila kinachosogea kilichorwa kwenye karatasi angavu ya plastiki, kisha karatasi zikapangwa tabaka juu ya tabaka chini ya kamera, mandhari ikiwa chini kabisa. Kiwiliwili kikiwa kwenye karatasi moja na kichwa kwenye nyingine, unabadilisha kichwa utakavyo huku kiwiliwili kikibaki mchoro mmoja. Shida ni shingo. Mistari ya vipande viwili haikutani sawasawa kila mara, na jicho hunasa hata pengo la unywele. Kola inaikata shingo kwa mstari mgumu, pengo linapotea. Pindo za Snagglepuss zinafanya kazi ileile kwenye viganja. Hata ile rangi nyepesi kuzunguka mdomo wa Yogi ina kazi: ni mpaka wa kipande kinachobadilishwa anapoongea.

Sababu ni fedha na muda. Tom na Jerry walianza 1940 kwenye studio ya MGM, na filamu fupi 114 za Hanna na Barbera, zilizoshinda Oscar 7, zilitengenezwa kwa ajili ya kumbi za sinema. Piga hesabu: dakika 7 ni sekunde 420, kwa fremu (picha moja moja za filamu) 24 kila sekunde unapata fremu 10,080. Hata ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, ni michoro 5,040 kwa mhusika mmoja, na hapo wako wawili. MGM ilipofunga studio yake ya katuni mwaka 1957, mabwana hawa walifungua kampuni yao na kuingia kwenye televisheni, ambako vipindi vinadaiwa kila wiki na bajeti ni sehemu ndogo tu ya ile ya sinema. Walianza na Ruff na Reddy, paka na mbwa, mwishoni mwa 1957. Mwaka 1958 akaja Huckleberry Hound, na Yogi alianzia humo kama sehemu mojawapo ya kipindi hicho, pamoja na panya Pixie na Dixie na paka wao Mr. Jinks. Mwaka 1960 kipindi cha Huckleberry kilipata tuzo ya televisheni ya Emmy, katuni ya kwanza kuipata. Yogi akapewa kipindi chake mwenyewe 1961.

Kwangu mimi mtindo huu haukuwa umaskini. Ed Benedict, aliyebuni sura za Yogi na Huckleberry, alitumia mistari minene na maumbo machache yanayosomeka haraka, kwa kuwa televisheni za wakati ule zilikuwa na vioo vidogo na nyingi zilionyesha rangi nyeusi na nyeupe tu. Punguza ukubwa wa picha ya Yogi hadi ulingane na ukucha wa kidole gumba: bado unamtambua, na bado unajua anatazama wapi. Mjaribu hivyo dubu wako kabla hujachora kingine chochote.

Kitu kingine cha kutazama ukizirudia katuni hizi: mlango au jiwe litakalosogea lina rangi tambarare kuliko vitu vya jirani. Hiyo ni kwa sababu limechorwa kwenye plastiki, ilhali mandhari imepakwa kwa brashi kwenye karatasi. Pia kila tabaka la plastiki lilififisha kidogo rangi za chini yake. Ndiyo maana mkono unaotoka tabaka moja kwenda jingine wakati mwingine unabadilika rangi ghafla katikati ya tukio.

fremu24:

Nijibu upande wa kazi. Sekunde 20 ni fremu 480. Kwa mtindo wa sinema ungehitaji michoro kama 240. Kwa mtindo wa Yogi, michoro 35 inakutosha: kiwiliwili 1, vichwa 2 (kimoja kimegeuka robo tatu, kingine kinatazama upande), midomo 7 kwa kila kichwa, macho 3 kwa kila kichwa (wazi, nusu, yamefumba), mikono 4, na miguu 8 ya mzunguko wa hatua. Mandhari ni picha moja ndefu.

Rekodi sauti kwanza. Usichore hata mstari mmoja kabla ya sauti, kwa maana urefu wa kila tendo unatoka humo. Ukishaipata, andaa jedwali lenye mistari 480, mstari mmoja kwa fremu, na uandike ni silabi gani inaangukia fremu ipi. Hapo ndipo unapoamua kichwa kipi na mdomo upi utumike. Kazi halisi ya mtindo huu iko kwenye jedwali hili. Kuchora kunakuja baadaye na kunaisha haraka.

Mpangilio wa tabaka, kutoka chini: mandhari, mkono wa mbali, miguu, kiwiliwili, shingo na kichwa, kola na tai, mkono wa karibu. Programu yoyote yenye tabaka na fremu inafaa, OpenToonz au Krita, zote za bure. Shingo ichore iingie chini ya kola kwa pikseli 30 hivi, ili kichwa kikiinama pengo lisitokee. Egemeo la kuzungusha kichwa liweke chini ya shingo, nyuma ya kola. Wengi huliacha katikati ya uso, na kichwa kinazunguka kama gurudumu huku shingo ikichomoka upande mmoja. Kosa lingine ni kidevu kukatwa na kola dubu anapotazama chini. Hilo linatibika kwa kuweka kipande cha mdomo na kidevu kwenye tabaka lake juu ya kola.

Dubu akisimama asigande kabisa. Afumbe jicho kila baada ya sekunde 2 hadi 4: nusu fremu 2, fumba fremu 2, nusu fremu 2, wazi. Kwenye silabi yenye mkazo kishushe kichwa pikseli 4 au 5 kisha kirudi. Mtazamaji haoni kichwa kikishuka, anaona dubu anayemaanisha anachosema.

Kutoka mbio: kwanza ajivute nyuma fremu 6, halafu miguu izunguke palepale fremu 12, kisha atoke nje ya picha kwa fremu 4 tu. Acha vumbi na mistari ya kasi kwa fremu 8. Ukimpa fremu 12 za kutoka, ataelea. Na kama unataka agonge mti, mgongano usiuchore: tumia sauti nje ya picha na utikise picha nzima juu na chini kwa fremu 8, pikseli 12, 10, 8, 6, 4, 3, 2, 0. Hanna-Barbera walifanya hivyo mara nyingi, tena wakimwonyesha Boo-Boo, dubu mdogo rafiki wa Yogi, akitazama upande ule kwa hofu, na kicheko kilikuja kwenye uso wa Boo-Boo.

sauti_kwanza:

Naongezea kuhusu midomo. Kwa maneno ya Kiswahili midomo 7 inatosha vizuri, maana silabi zetu nyingi huishia na irabu: mmoja wa A, mmoja wa E na I, mmoja wa O, mmoja wa U na W, mmoja uliofungwa wa M, B na P, mmoja wa F na V meno yakigusa mdomo wa chini, na mmoja uliolegea wa konsonanti zilizobaki. Usibadilishe mdomo kwa kila herufi, utatetemeka. Fuata irabu na miguso ya midomo tu. Mdomo uliofungwa ukae angalau fremu 2, la sivyo "mbona" itaonekana kama "ona". Na umbo la mdomo litangulie sauti kwa fremu 1 au 2. Likichelewa hata fremu 2, mtazamaji anahisi kasoro bila kujua iko wapi.

Pia mtafutie dubu sauti kabla ya kumpa sura ya mwisho. Daws Butler alikuwa Yogi, Huckleberry, Snagglepuss, Mr. Jinks na Dixie. Don Messick alikuwa Boo-Boo, Smith mlinzi wa hifadhi anakoishi Yogi, Pixie, na baadaye Scooby-Doo kuanzia 1969. Funga macho usikilize: kila mnyama ana mwendo wake wa kusema. Huckleberry anaburuta maneno hata nyumba ikiwaka moto. Mwili ukiwa hausogei, uhai wote uko kwenye koo la msemaji.

dubu_mpole:

Nimewaelewa sana, asanteni. Mawili yamebaki. Mtu akitembea palepale huku mandhari ikirudi nyuma, nyayo zinateleza kama yuko kwenye barafu, zinazuiwaje? Na nakala nyingi za katuni hizi zina sauti nyembamba kuliko nyingine, Yogi anasikika mdogo. Nikijifunza muda kutoka kwenye nakala hizo si nitapotoka?

fremu24:

Nyayo kwanza. Unyayo ulio chini lazima urudi nyuma kwa kasi ileile ya mandhari. Chukua mzunguko wa michoro 8, kila mmoja fremu 2, jumla fremu 16 kwa hatua mbili. Unyayo ukirudi pikseli 24 kwa kila mchoro, mandhari nayo isogee pikseli 24 kila mchoro unapobadilika. Hapa ndipo watu wanapokwama: wanaisogeza mandhari pikseli 12 kila fremu ili iwe laini, ilhali miguu inabadilika kila fremu ya pili. Jumla ni sawa, lakini katika kila fremu ya pili unyayo umeachwa pikseli 12, na macho yanaona mtetemo. Ama usogeze vyote kila fremu mbili, ama uchore miguu 16 na usogeze vyote kila fremu. Kwa mtindo unaoutaka, la kwanza linatosha.

Mzunguko mmoja unakula pikseli 192. Kwa hiyo mandhari ya kujirudia ifanye iwe na urefu unaogawanyika kwa 192, mfano 3,840, kisha mwishoni nakili sehemu ya mwanzo yenye upana wa picha yako ili mshono usionekane. Kwa mwendo huo mti uleule utapita tena baada ya fremu 320, sekunde 13 na kidogo. Usiweke kitu cha kukumbukwa sana, kama jiwe lenye umbo la ajabu. Weka miti inayofanana, na mtu hatahesabu.

karatasi_angavu:

Kuhusu sauti: filamu ilipigwa fremu 24 kwa sekunde, lakini televisheni na DVD za mfumo wa PAL, ule wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, zinaonyesha 25. Mara nyingi wanaoihamisha filamu huiendesha tu haraka kwa asilimia 4 na kidogo, na sauti inapanda pamoja nayo. Katuni ya sekunde 420 inaisha kwa sekunde 403. Rekebisha kwa kupunguza kasi ya picha na sauti hadi 0.96. Kwenye sauti chagua kupunguza kasi pamoja na kimo cha sauti. Ukichagua kubadilisha kasi peke yake, maneno yatapungua mwendo lakini Yogi atabaki na sauti nyembamba.

Kwa kuhesabu fremu, nakala ya PAL iliyoharakishwa hivyo haikupotoshi, fremu za filamu ziko vilevile. Inayopotosha ni ya mfumo wa NTSC wa Marekani, ambako fremu 24 zimetandazwa kuwa 30: katika kila fremu 5, mbili ni mchanganyiko wa fremu za jirani, utaona mistari kama ya kitana kwenye miguu inayokimbia. Irudishe kwanza iwe fremu 24 kwa kichujio cha kuondoa mtandazo huo, ndipo uhesabu. Epuka pia nakala zilizosafishwa kupita kiasi kwa mashine ya kuondoa chembechembe za filamu. Mashine hiyo hudhani mstari mwembamba wa mchoro ni uchafu na kuufuta, hasa mnyama anaposogea haraka, na hizo ndizo fremu unazotaka kujifunza.