Nakala 500 niweke stoo, au kuchapa kwa oda? (niko Kisumu)

Mwalimu_Kondele:
Wadau, kitabu changu kiko tayari, kimehaririwa na jalada lipo. Mchapaji wa Nairobi anataka nichukue nakala 500 kwa mkupuo ili bei ishuke. Kijana wangu anasema nisitoe hata shilingi: nipandishe faili Amazon, mtu akinunua ndipo kinachapwa na kutumwa. Mchapaji anasubiri jibu Ijumaa. Nichukue ipi?

Stoo_ya_Nakuru:
Kitabu gani? Kurasa ngapi? Wanunuzi wako wapi? Mwalimu, unauliza nauli na hujasema unashukia wapi.

Akinyi_Milimani:
Oda, bila kufikiria. Changu kiko KDP, hiyo huduma ya Amazon ya kuchapa kwa oda, tangu 2019 na sijawahi kubeba boksi.

Fundi_Ofseti:
Dada, wewe huuzii watu wa hapa. Mashine za KDP ziko Marekani, Ulaya, Japani huko. Nakala moja ikitumwa Kisumu, usafiri unaweza kupita bei ya kitabu. Ofseti, uchapaji wa mabamba kama wa huyo wa Nairobi, inakula pesa mwanzoni, mabamba na kutega mashine. Ikishaanza kuzunguka unalipia karatasi na wino tu. Ndiyo maana 500 ni nafuu.

Akinyi_Milimani:
Nafuu kama zitauzwa.

Mzee_wa_Webuye:
Hapo kwa "kama zitauzwa" mniachie mimi. Mwanzo wa 2022 nilichapa 1,000 za marudio ya Sayansi kwa KCPE, mtihani wa darasa la nane. Nilikuwa nitake 500, lakini kwa 1,000 kila moja ilishuka karibu shilingi arobaini, nikajiona mjanja. Nikazipanga chumba cha nyuma cha duka la shemeji, sakafuni, bila mbao chini. Mwaka huo niliuza kama 340, Webuye na Kimilili, nikasema mwakani zitaisha. Mchwa wakaanza na boksi la chini. Kwa nje zima kabisa. Ukiinua, unabaki na jalada na udongo. Hiyo bado ilikuwa hasara ndogo. Novemba 2023 KCPE ikafanywa mara ya mwisho, basi. Kitabu cha mtihani ambao haupo utamuuzia nani? Shemeji akaanza kufungia watu chumvi. Mpaka leo nikitumwa dukani narudi na mchoro wangu wa moyo wa binadamu.

Fundi_Ofseti:
Pole mzee, lakini hapo ofseti haina kosa. Aliyebadilisha mtaala ni serikali.

Mama_Chebet:
Na serikali hiyo hiyo ndiyo iliweka VAT ya asilimia 16 kwa vitabu 2013. Mzazi anunue vipi?

Fundi_Ofseti:
Mama, wazazi wananunua kredo ya simu kila siku na ina kodi.

Mama_Chebet:
Kredo haikai darasani na mtoto. Tuheshimiane.

Stoo_ya_Nakuru:
Turudi kwa mwalimu. Karatasi haikai sakafuni, weka paleti, iache ukuta ipumue. Na yale masoko ya mtandaoni yanayokuwekea mzigo ghalani mwao, uliza kwanza ada ya kuhifadhi. Kitabu kinachotoka polepole kinajila chenyewe humo. Mwalimu uko wapi?

Mwalimu_Kondele:
Samahani, nilikuwa darasani. Kurasa 312, desturi za ndoa za Waluo. Watu wa kanisa wameahidi kununua. Wengine ni jamaa walio Minnesota na Uingereza, pengine nusu.

Stoo_ya_Nakuru:
Sasa ndiyo unasema! Nusu wako ng'ambo! Chapa chache hapa kwa mashine ya kidijitali, wa ng'ambo waagize KDP. ISBN, namba ya kutambulisha kitabu, chukua yako Kenya National Library Service. Ile ya bure ya KDP huwezi kuitumia kwa mchapaji mwingine.

Akinyi_Milimani:
Na ujue mrahaba wa mauzo ya Marekani unakatwa asilimia 30 huko huko, Kenya haina mkataba wa kodi nao. Mimi nilishtuka.

Fundi_Ofseti:
Hiyo hukuitaja mwanzoni. Na kidijitali kwa kurasa 312, bei ya nakala itamtoa jasho. Ahadi za kanisani ni ngapi, mwalimu?

Mwalimu_Kondele:
Hatujaandikisha. Tuseme 200.

Mzee_wa_Webuye:
Wangu pia walisema. Stoo unayo?

Mwalimu_Kondele:
Mama mkwe ana chumba Ahero.

Mama_Chebet:
Ahero ile mto Nyando hufurika?

Mwalimu_Kondele:
Kwake ni juu kidogo.

Akinyi_Milimani:
Mwalimu, umeandika kurasa 312 za desturi za Waluo, halafu utakuwa ukiingia chumbani kwa mama mkwe kutoa maboksi?

Mwalimu_Kondele:
Nitamtuma kijana. Mchapaji amepiga tena, sasa anataka nusu ya pesa kesho.