Mkahawa ukijaa tuambieni ukweli, hii "inakuja sasa hivi" yenu nusura inimalizie mama

Wakuu, nimetoka kumlaza mama sasa hivi na hasira bado imenikaa kooni, kwa hiyo mnivumilie nikiandika ndefu.

Mama ana kisukari. Kila asubuhi anachoma insulini ya mchanganyiko, ile inayochomwa kama nusu saa kabla ya kula. Wiki nzima alikuwa anasema anatamani siku moja anywe chai ambayo hakuichemsha yeye. Leo nikampeleka kwenye mkahawa ambao kila mtu anausifia kwa kifungua kinywa. Jina siliweki, maana shida yangu si kuwafungia watu biashara.

Tulifika mapema, tukapata meza karibu na jikoni. Saa mbili na dakika kumi mhudumu kachukua oda: mayai ya kuvuruga, mkate wa kuchoma, chai ya mama bila sukari, kahawa yangu. Nikamwambia kwa mdomo wangu, "Dada, mama ni mgonjwa wa sukari, anataka kuchoma sindano, chakula kitachukua muda gani?" Kajibu bila hata kugeuka kuangalia jikoni: "Dakika ishirini tu, kaka, haizidi." Mama akachoma.

Najua kuna watakaosema angesubiri sahani ifike mezani ndiyo achome. Ni kweli, ugenini ndivyo inavyotakiwa, na kuanzia leo ndivyo tutakavyofanya. Lakini tuliuliza, tukajibiwa, tukaamini. Insulini ikishaingia mwilini hairudi kwenye bomba. Inaanza kushusha sukari, chakula kiwepo kisiwepo.

Saa mbili na nusu, hakuna kitu, hata chai. Nikamwita. "Inakuja sasa hivi." Saa mbili na dakika arobaini nikamwita mwingine, nikamweleza upya habari ya sindano. "Ndiyo inatoka hiyo, mzee." Saa tatu kasoro kumi mama akanyamaza katikati ya sentensi. Alikuwa ananisimulia habari za jirani, akaishia hapo. Nikamtazama, jasho limemtoka juu ya mdomo na vidole vinagongagonga kijiko kwenye meza bila yeye kukusudia. Nikatoa kipimo, nikamtoboa kidole: sukari 3.1 (mmol/L). Ikishuka chini ya 3.9 hapo sukari imeshuka, mtu anatakiwa apate sukari ya haraka kama gramu 15, kisha baada ya dakika 15 apimwe tena. Nusu glasi ya juisi inatosha, au vijiko vinne vya chai vya sukari.

Nikakimbilia kaunta kuomba juisi. Wakuu, mnajua nilichojibiwa? "Oda zote zinapitia kwa mhudumu wako." Friji ya juisi iko nyuma yake, mkono wake unaifikia! Nikasema mama anazidiwa, akaniambia nirudi mezani, atamtuma mtu. Aliyeniokoa ni dada mmoja wa meza ya dirishani aliyesikia ninavyopaza sauti. Alinyanyuka na glasi yake ya juisi ambayo alikuwa hajaigusa, akapiga magoti pembeni ya kiti cha mama, akamshikia glasi mpaka akamaliza.

Chakula kimefika saa tatu na dakika kumi. Saa nzima! Na hapa ndipo nilipochoka kabisa. Mayai yalikuwa ya baridi, yamekauka, pembeni yameingia rangi ya kijani kijivu. Mayai hayapati rangi hiyo kwa kuvurugwa muda huo huo. Inatokea yakikaa kwenye moto muda mrefu, salfa ya ute mweupe inapokutana na madini ya chuma ya kiini. Rangi yenyewe haidhuru, ila inakuonyesha kuwa mayai yamepikwa kitambo kwa wingi, yakaachwa kwenye trei. Na ubaridi ule ndio ulionitisha zaidi, maana Shirika la Afya Duniani linataka chakula kilichopikwa kibaki na joto la zaidi ya nyuzi 60 mpaka kinapopakuliwa. Yale niliyashika kwa kidole, hayakuwa hata vuguvugu.

Kwa hiyo hatukuwa tunamsubiri mpishi. Mayai yalikuwepo. Mkate wa kuchoma hauchukui dakika tano. Tulikuwa tunasubiri mtu wa kubeba sahani kutoka dirisha la jikoni mpaka kwenye meza iliyo hatua kumi, huku mlangoni wanaendelea kuwakaribisha wengine na kuwakalisha kila kiti kinapokuwa wazi. Wahudumu niliowahesabu ni watatu tu, kwa ukumbi mzima uliojaa. Siwalaumu sana hao vijana, wanakimbia mpaka wanatia huruma. Namlaumu aliyewapanga watatu asubuhi ambayo anajua fika atajaza, na aliyewafundisha kumjibu mteja "sasa hivi" badala ya "samahani, leo ni saa nzima". Tungeambiwa saa nzima, mama asingechoma. Tungenyanyuka kwa amani tukarudi nyumbani.

Meneja alipokuja akaniambia, "Mngetueleza mapema kama kuna mgonjwa." Tumeeleza mara mbili! Kwa watu wawili tofauti! Akasema leo wamezidiwa, akanipa kahawa ya bure. Kahawa nikaiacha pale pale, nikalipa, nikamshika mama mkono tukaondoka.

Ninachotaka si pesa. Kabla hujampokea mteja, chungulia jikoni umwambie muda wa kweli. Kaunta iruhusiwe kutoa juisi au sukari mtu akizidiwa, mambo ya oda yatafuata baadaye. Na kama wahudumu ni watatu, kalisheni watu wa kuhudumiwa na watatu.

Mama nimempima tena, yuko 6.4, na amekula uji nyumbani. Kabla hajasinzia ameniuliza kama yule dada nilimnunulia juisi nyingine. Sikumnunulia, nilichanganyikiwa hata asante sikumbuki kama niliisema. Dada wa meza ya dirishani, kama unapita humu, mama anakusalimia sana, na juisi yako nadaiwa.