Mjadala: Opera juu ya magoli ya Italia 90, iliupamba mpira au iliuficha?

MkandaWaZamani:
Wadau, BBC walifungua matangazo yao ya Kombe la Dunia 1990 kwa mwimbaji Pavarotti anaimba Nessun dorma, wimbo wa opera ya mtunzi Puccini, picha za mpira zinapita chini yake kama ibada. Tangu hapo kila runinga ikitaka kutuliza watu inaweka picha za mwendo wa taratibu na vinanda. Mimi nasema ule ulikuwa mkeka wa kufunikia uchafu. Mechi 52, magoli 115, wastani wa 2.21, mdogo kuliko fainali zozote za kombe hilo. Kadi nyekundu 16. Beki anamrudishia kipa, kipa anadaka, anampa beki, anarudishiwa tena, mpaka 1992 sheria ikamkataza kipa kudaka pasi ya mguu ya mwenzake. Fainali yenyewe imeamuliwa na penalti ya Brehme wa Ujerumani Magharibi dakika ya 85. Weka opera juu yake, basi hata Kameruni waliokuwa wanavunja watu miguu tu wanageuka malaika.

KonaYaMbali:
Opera baadaye. "Wanavunja watu miguu tu"? Milan, 8 Juni, bingwa mtetezi Argentina ya Maradona. Kana-Biyik wa Kameruni katolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 61, wako kumi. Dakika ya 67 nduguye Omam-Biyik anapaa, kichwa, kipa Pumpido anaupapasa unapita. Wamemaliza tisa na wameshinda. Napoli, robo fainali, wanaongoza England 2-1 hadi dakika ya 83, kisha Lineker wa England anafunga penalti, na nyingine kwenye muda wa nyongeza. Milla, mshambuliaji wa Kameruni, ameingia kipindi cha pili, magoli yao yote mawili yamepitia miguuni mwake. Hiyo ndiyo rafu?

MkandaWaZamani:
Mkuu, kwenye mechi hiyo ya Milan beki wao Massing alimfanya nini Caniggia wa Argentina? Alimgonga mpaka kiatu chake mwenyewe kikamvuka. Wenzake wawili walishamkosa kabla yake. Nimesema rafu, sijasema hawakucheza.

KonaYaMbali:
Umesema "tu". Soma ulichoandika.

MkasiMkali:
Mnagombana na kipande kilichokatwa kwa akili. Kile kifungua kipindi hakikuwa na mchezo hata mmoja wa 1990, fainali zilikuwa hazijaanza! Kingefichaje uchafu ambao haujatokea? Na mwisho wake ni Tardelli wa Italia akishangilia bao kwenye fainali ya 1982, anakimbia anatikisa kichwa, amewekwa pale pale kwenye noti ndefu ya "vincerò", yaani "nitashinda". Puccini aliiandika ndefu vile kama aliyejua Tardelli atahitaji nafasi ya kukimbia.

BintiNota:
Kaka, Puccini hakuiandika ndefu. Kwenye nota, ile B ya juu katika silabi ya "ce" ni fupi mno, sehemu ya kumi na sita ya noti nzima. Anayepewa noti nzima ni A inayofuata, ile ya "rò". Kuivuta B ni mazoea ya waimbaji. Tardelli amekimbia juu ya mazoea.

MkasiMkali:
Haya, profesa wa nota kafika. Watu wanazungumzia mpira.

BintiNota:
Watu walikuwa wanazungumzia kiatu cha Massing. Wewe ndiye uliyemtaja Puccini, mimi nimemtetea marehemu. Na kwa kuwa hakuna aliyeuliza maneno yanasema nini: "asilale mtu". Binti mfalme Turandot ameamuru jina la mgeni lijulikane kabla ya alfajiri, la sivyo watu wanauawa. Ile kwaya ya wanawake mnayoisikia kwa mbali, tamu kama uji wa asali, inalia kwamba itabidi wafe. Ndiyo mnayochezeshea magoli.

KonaYaMbali:
Hiyo kwaya inawafaa England walipotolewa kwa penalti kule Turin, nusu fainali.

Msomaji_Tu:
Jamani, mimi nilidhani mada ni mtangazaji anyamazishwe au asinyamazishwe muziki ukiwekwa?

MkandaWaZamani:
Mada ilikuwa kuficha. Na nakubali hoja ya kifungua kipindi, MkasiMkali, ila nilimaanisha mtindo wote uliofuata. 1998 BBC wakaja na Pavane, muziki wa mtunzi Fauré. Hata wimbo wa Ligi ya Mabingwa, 1992, ni muziki wa Handel wa 1727 uliopigwa rangi upya. Mpira umevalishwa suti.

MkasiMkali:
Suti nzuri lazima ipimwe, na wengi wanaounganisha magoli na opera kwenye kompyuta hawapimi. Opera haina pigo la saa. Mwimbaji anavuta, anaachia, kwa hiyo programu ya kutafuta mapigo inaweka alama ovyo. Weka alama kwa mkono, kwenye pumzi ya mwimbaji, kisha kata picha fremu mbili (picha moja moja za video) kabla ya alama. Ukikata juu ya alama kabisa, jicho linaona umechelewa. Usimalize magoli mapema: dakika mbili za mwanzo weka nyuso, viatu, benchi, bao moja tu. Na mshangilio wa uwanja usiufute, ushushe desibeli 15 hivi chini ya muziki, uupandishe noti ikishakatika. Ukiupandisha noti ikiendelea, vyote viwili vinakuwa kelele.

Msomaji_Tu:
Mkanda wangu wa video niliorekodi nyumbani una mtangazaji ndani yake. Namtoaje?

MkasiMkali:
Humtoi. Tafuta sekunde nne alizonyamaza, kabla ya kona mara nyingi, uzirudierudie ukizipishanisha kwa fremu 12 ili kiungo kisisikike.

BintiNota:
Na rekodi msichukue ya Pavarotti mkadhani Puccini kufariki 1924 kumewaachia kila kitu. Utunzi ni kitu kimoja, rekodi ni kingine. Ile iliyofika namba mbili kwenye chati za Uingereza ilirekodiwa na Decca 1972, Mehta akiongoza London Philharmonic, na ina mwenyewe. Picha nazo zina mwenyewe mwingine.

Msomaji_Tu:
Video yangu ikienda taratibu inatetemeka, mpira unakwenda mbele, unarudi nyuma, unakwenda mbele.

MkasiMkali:
Nusu-picha zimegeuzwa mpangilio. PAL, mfumo wa video wa mikanda hiyo, ni fremu 25 kwa sekunde, kila moja ina nusu mbili za mistari inayopishana, ya juu na ya chini. Ukiingiza kwenye kompyuta kwa DV, mfumo wa video wa kidijitali, nusu ya chini ndiyo ya kwanza. Kadi nyingine nyingi za kuingizia video, ni ya juu. Badilisha hapo kwanza. Kisha tenganisha hizo nusu upate picha kamili 50 kwa sekunde, ndipo upunguze mwendo kwa nusu ndani ya mradi wa fremu 25. Ukipunguza kabla ya kutenganisha, kila fremu inajirudia na Milla anacheza ngoma kwenye kibendera cha kona kama roboti. Kata na ile mistari kumi hivi ya chini inayopinda. Na usinyooshe picha ya 4:3, umbo la runinga za zamani, ijaze kioo kipana, Maradona mfupi tayari.

KonaYaMbali:
Milla acheze kona vizuri, hapo nakubali. Ila "tu" bado haijafutwa kule juu.

MkandaWaZamani:
Haifutwi. Kiatu kilivuka.