Mjadala: Je, daftari la dukani litafika mwaka 2030?

Mtoa hoja:

Ndugu wanajamvi, hivi karibuni katika semina ya wafanyabiashara hapa Dodoma, mtoa mada alituhakikishia kwamba ifikapo mwaka 2030 hakuna duka la maana litakaloandika hesabu zake kwenye daftari, kwa kuwa kila kitu kitakuwa kimehamia kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, na akili unde (AI) itakuwa imeshika nafasi ya mhasibu. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi sikupiga, na ninaomba tujadiliane.

Utabiri wa namna hiyo hukitazama kifaa na kumsahau anayekitumia. Mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, zilipoingia mwaka 2010 hazikuletwa na mapenzi, zililetwa na kodi. Pesa za kwenye simu, zilizotufikia mwaka 2008, hakuna aliyelazimishwa kuzitumia, lakini zilimwondolea mtu adha ya kumkabidhi kondakta bahasha ya fedha za kijijini na kukaa roho juu mpaka asikie kwamba imefika. Basi anayetaka kujua kitakachoenea miaka mitatu ijayo aulize sheria itadai nini na ni adha ipi itakayoondoka. Kwa kipimo hicho naiona lipa namba, ile namba ya duka ambayo mteja hulipia kwa simu, ikigeuka kuwa daftari lenyewe la mauzo, kwa sababu mkopeshaji atataka kuona miamala yake kabla ya kitu kingine chochote. Wingu peke yake silioni. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti nchini ilizorota, na kesho yake nilimkuta mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Majengo, ambaye mfumo wake wote wa mauzo ulikuwa mtandaoni, akiandika bei za nondo nyuma ya boksi la vigae huku mteja akisubiri ankara ambayo haikutoka.

Mchangiaji wa Kibaigwa:

Ndugu mtoa hoja, nakuunga mkono nusu. Sisi wa soko la nafaka tuliwahi kuletewa programu ya kutunza hesabu za ghala, nayo ilijua gunia la kilo 100 tu. Mkulima analeta lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ambayo imekatazwa na ambayo kila mtu ameiona. Dalali anaihesabu kwa madebe yaliyozidi, na kijana wetu wa kuingiza taarifa akawa anaandika gunia moja na nukta mbili kwa kukisia. Mwisho wa mwezi kompyuta ilikuwa na mahindi ambayo ghalani hayakuwepo. Akili unde itakayolishwa taarifa kama hizo itakosea vilevile, tena bila hata kusita kama anavyosita dalali. Kwangu mimi, mabadiliko yataletwa na mizani ya kidijiti inayotoa risiti palepale gunia linapopimwa.

Mchangiaji, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM):

Shikamooni wakubwa. Nadhani tunalionea wingu. Daftari nalo huloa: maji yalipoingia dukani kwa mama yangu mdogo, madeni ya miezi minne yaliishia hapo, na waliokuwa wakidaiwa hawakujitokeza. Siku hizi zipo programu zinazoandika mauzo hata mtandao ukiwa umekata, kisha huyapeleka ukirudi, kwa hiyo lililotokea Majengo ni kosa la kuchagua mfumo. La kuogopa ni jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sijui ni wenye maduka wangapi, wanaohifadhi majina na namba za simu za wadaiwa wao, wanaofahamu kwamba sheria hiyo inaweza kuwagusa.

Mtoa hoja:

Marahaba, kijana wangu. Hoja ya mfumo unaofanya kazi bila mtandao naikubali, na naondoa nusu ya niliyosema juu ya wingu. Ya mhasibu siiachii. Mashine itajumlisha vizuri kuliko sisi, ila daftari la mke wangu limeandikwa «mama wa nyumba ya bluu, unga kilo mbili, Ijumaa», na mtaani kwetu nyumba za bluu ziko tatu, wala hajasema ni Ijumaa ipi. Aliyekwisha kuyaingiza madeni ya namna hiyo kwenye programu tafadhali atueleze alivyofanya.