Tupeane uzoefu: Chama cha wahasibu cha jimbo lako kimekufaa nini?

Mwanzisha mada, Dallas

Wanataaluma wenzangu, habari za kazi.

Ndani ya mwezi mmoja nimeulizwa swali lile lile mara tatu na vijana waliofika Marekani wakiwa na CPA(T) au CPA(K), vyeti vya uhasibu vya Tanzania na Kenya, mkononi: je, ada ya kujiunga na chama cha wahasibu cha jimbo inarudi kwa namna yoyote, au ni pambo tu la wasifu wa kazi? Badala ya kuwajibu mmoja mmoja, nimeona tulijadili hapa. Naomba kila atakayechangia aeleze yaliyompata yeye mwenyewe, kwa kuwa sifa za jumla tunaweza kuzisoma katika vipeperushi vyao.

Kabla ya hapo nitofautishe vyombo viwili ambavyo mimi mwenyewe nilivichanganya kwa mwaka mzima. Bodi ya uhasibu ya jimbo ni chombo cha serikali. Ndiyo inayotoa leseni ya mhasibu wa umma (CPA), na ndiyo inayoweza kuifuta. Chama cha jimbo ni cha hiari, kinaendeshwa kwa ada za wanachama, na hakina mamlaka ya kumpa mtu leseni wala kumnyang'anya. Aliyetoka Tanzania angepaswa kulielewa hili upesi, maana nyumbani NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu, ndiyo inayotahini na kusajili, ilhali TAA ni chama cha wahasibu wenyewe. Mkenya aliyeizoea ICPAK, taasisi ya wahasibu ya kwao inayosajili na wakati huohuo kuwasemea wanachama wake, huchelewa kidogo kuona mpaka ulipo. Hapa kazi zimegawanywa zaidi: mtihani wa CPA unatungwa na AICPA, chama cha kitaifa cha wahasibu, NASBA, jumuiya ya bodi za majimbo, inaratibu, na leseni inatoka katika mojawapo ya mamlaka 55, kila moja ikiwa na masharti yake, utaratibu ulioanzia kwenye sheria ya jimbo la New York ya mwaka 1896.

Naanza na langu. Nilijiunga na tawi la Dallas la chama cha Texas, chama ambacho kipo tangu 1915 na kina matawi 20, kwa sababu tu mwajiri alilipa ada. Katika chakula cha jioni cha tawi niliketi karibu na mama mmoja mkaguzi mstaafu, akaniuliza masharti yangu ya leseni yamefikia wapi. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba yanakaribia kukamilika. Akauliza, “Kozi ya maadili umeisomea chuo gani?” Nilimtajia semina ya siku mbili niliyohudhuria kazini. Alitabasamu kwa huruma, akanieleza kwamba Texas inataka kozi kamili ya chuo ya yuniti tatu, tena iliyoidhinishwa na bodi. Maelezo hayo yalikuwa kwenye tovuti ya bodi muda wote, na nilikuwa nimeyapita kwa macho mara kadhaa bila kudhani kwamba yananihusu. Bila swali lile ningepeleka maombi, nikarudishiwa, nikapoteza muhula mzima.

Karibuni.

Mchangiaji, Columbus, Ohio

Ahsante dada kwa kulianzisha jambo hili. Langu ni refu, mnivumilie.

Nilikuja na shahada ya biashara ya miaka minne kutoka chuo kikuu cha Nairobi, ikatathminiwa kuwa sawa na yuniti 120. Leseni ilihitaji yuniti 150. Hizo 30 zilizopungua ni sawa na mwaka mzima wa masomo, na wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya ghalani usiku huku nikiandika hesabu za kanisa letu mchana. Sharti la 150 si la kale kama wengi wanavyodhani; Florida ndiyo iliyotangulia kulitumia, mwaka 1983, na majimbo mengine yakafuata hatua kwa hatua hadi likawa kanuni ya nchi nzima. Sijawahi kukutana na mtu aliyenieleza kwa kuridhisha ni jambo gani la ukaguzi linalopatikana katika yuniti hizo 30, hasa ikizingatiwa kwamba katika sehemu nyingi mtu aliruhusiwa kuzijaza kwa somo lolote, hata lisilohusiana na hesabu.

Chama chetu cha Ohio kilipoamua kutaka sheria ibadilishwe, kilituomba sisi wanachama wa ngazi ya chini kabisa, tusio na leseni bado, tuandike barua kwa wawakilishi wetu tukieleza gharama halisi. Nilisita sana. Nilitoka katika mazingira ambayo mhasibu kijana hamwandikii mbunge barua, achilia mbali mhamiaji anayehofia kila karatasi yenye nembo ya serikali. Mtumishi wa chama alinisaidia kuipanga barua yangu iwe na hesabu badala ya malalamiko: ada ya chuo kwa yuniti, saa za kazi ambazo ningezipoteza, na miezi ambayo ningechelewa kuingia sokoni. Wiki chache baadaye nilipigiwa simu na msaidizi wa mwakilishi, akataka kuhakikisha kwamba tarakimu zile ni za kweli. Nilimsomea risiti moja baada ya nyingine.

Gavana Mike DeWine aliisaini sheria hiyo Januari 2025, na tangu 1 Januari 2026 mtu anaweza kupata leseni ya Ohio kwa shahada ya kwanza, miaka miwili ya kazi na kufaulu mtihani. Sisemi kwamba barua yangu ndiyo iliyoipitisha. Nasema kwamba bodi isingeweza kufanya kazi ile, kwa kuwa bodi ipo kuitekeleza sheria, na mimi peke yangu nisingejua hata mlango wa kubisha.

Mchangiaji, Minneapolis

Nitakuwa sauti tofauti. Nimelipa ada kwa miaka mitatu na sijaona faida. Katika hafla zao wengi wanafahamiana tangu chuo, wanazungumzia vibanda vyao vya ziwani na mpira wa magongo wa barafuni, na mimi nasimama na kikombe changu cha kahawa hadi muda wa kuondoka. Mwajiri wangu wa wakati huo, kampuni ambayo sitaitaja, alikataa kunisainia fomu ya uthibitisho wa uzoefu wa kazi kwa miezi saba kwa sababu nilikuwa nimetoa notisi ya kuacha kazi. Nilikiandikia chama. Nikajibiwa kwa adabu kwamba suala hilo ni la bodi. Sasa ada ni ya nini?

Mchangiaji, Columbus, Ohio

Ndugu yangu wa Minneapolis, pole kwa fomu ile. Hilo ni dhuluma na sitalipamba. Ila nikuongezee jambo moja. Chama chako cha Minnesota ndicho kilichoanza kulisukuma suala la yuniti 150 mapema kuliko wengi, wakati AICPA na NASBA zenyewe bado zinasita kwa hofu kwamba majimbo yakitofautiana, mhasibu atashindwa kuvuka mpaka na leseni yake. Mwaka 2025 jimbo lako nalo likapitisha njia mpya. Ohio tulisonga mbele tukijua kwamba hatuko peke yetu, na ada zako zimo humo.

Mchangiaji, Silver Spring, Maryland

Wanangu, mimi ninafanya kazi peke yangu, sina mwenzi ofisini. Wateja wangu ni wenye saluni, madereva wa malori na wanaoendesha huduma za kulea wazee majumbani, wengi wao Waafrika wenzetu. Kwa mhasibu wa aina yangu, chama ndicho kilichokuwa chumba cha pili cha ofisi.

Mfano ni mwaka 2020. Sheria ya msaada wa janga la korona ilisainiwa 27 Machi, na mikopo ya kuwalipa wafanyakazi mishahara, ile PPP, ikafunguliwa 3 Aprili. Siku saba! Simu yangu haikunyamaza hata usiku. Mteja anauliza kama dereva wa mkataba anahesabika katika mishahara. Mwingine benki imemkatalia kwa kukosa fomu ambayo hata mimi sijawahi kuiona. Miongozo ilikuwa ikitolewa kwa vipande, leo jibu hili, kesho jingine. Mwanzoni, ili mkopo usamehewe, asilimia 75 ya fedha ilipaswa kutumika kwa mishahara ndani ya wiki nane. Mwezi Juni ikashushwa hadi asilimia 60 na muda ukarefushwa hadi wiki 24. Aliyekuwa amemshauri mteja wake aharakishe kutumia fedha zote mwezi Mei alijikuta amempotosha bila kukusudia.

Chama chetu kiliitisha vikao vya mtandaoni ambamo wahasibu waliuliza maswali ya wateja halisi, na majibu yalitoka kwa watu waliokuwa wameisoma miongozo ile usiku uliotangulia. Nilikuwa nahudhuria nikiwa na kalamu na daftari, kisha naandika muhtasari kwa Kiswahili na kuutuma kwa wateja wangu kwa simu. Nilimwokoa mwenye saluni mmoja asirudishe mkopo aliokuwa na haki ya kusamehewa.

Mwaka 2025 tena, serikali ya jimbo ilipopendekeza kodi ya asilimia 2.5 kwa huduma zinazotolewa kwa biashara, na utunzaji wa hesabu ukiwamo, chama kilikuwa miongoni mwa waliopinga, na uhasibu haukuguswa. Kodi iliyopitishwa hatimaye ni ya asilimia 3 kwa huduma za data na teknolojia ya habari. Nafahamu kwamba mwenzetu wa kompyuta aliumia, lakini mteja wangu mwenye lori moja hakuongezewa mzigo kwa kosa la kutunza vitabu vyake vizuri.

Na kwako wa Minneapolis: acha hafla, mwanangu. Omba kuingia katika kamati ya kodi au ya kampuni ndogo. Huko hawazungumzii ziwa.

Mchangiaji, Houston

Nimefikiri siku mbili kabla ya kuandika haya.

Msimu wa kodi wa 2020 ulirefushwa hadi 15 Julai. Mwaka uliofuata Texas ilipigwa na baridi kali ya Februari, umeme ukakatika, na tarehe yetu ya mwisho ikasogezwa hadi 15 Juni. Kwa mlipa kodi ilikuwa nafuu. Kwangu ilikuwa misimu miwili mfululizo isiyojua kuisha. Nilianza na glasi moja ya usingizi, na kufikia mwezi Mei nilikuwa nahakiki ritani za kodi za watu asubuhi huku mikono ikitetemeka. Nyumbani tungesema fulani ameharibika, na habari zingefika kijijini kabla sijafika mimi.

Chama cha Texas kina mpango unaoitwa ACAN, ambao kupitia kwake mhasibu, mtahiniwa au mwanafunzi mwenye shida ya ulevi, dawa au msongo wa mawazo anasaidiwa kwa siri na wahasibu wenzake wanaojitolea. Niliyempata kwenye simu alikuwa amepitia hayohayo miaka mingi nyuma. Hakunihubiria. Aliniuliza nina faili ngapi mezani na ni zipi ninazoweza kuzihamisha kwa mwenzangu wiki hiyo. Jina langu halikufika kwa mwajiri wala kwa bodi. Nimeacha pombe tangu Agosti 2021.

Mnaopiga hesabu ya ada, mimi hiyo yangu sijui niiweke upande gani wa daftari.

Mchangiaji, Chicago

Ahsante kaka wa Houston kwa ujasiri huo.

Langu ni fupi. Nilizaliwa hapa na wazazi kutoka Bujumbura, na nyumbani kwetu hapakuwa na mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini Marekani. Chama cha Illinois kina mpango wa kuwaandaa wanafunzi kwa mafunzo kazini, uliopewa jina la Mary T. Washington Wylie, mwanamke wa kwanza Mweusi kupata CPA nchini, mwaka 1943, papa hapa Chicago. Miaka 22 kabla yake, John W. Cromwell Jr. alikuwa Mweusi wa kwanza kabisa kuipata. Tulifundishwa hata namna ya kumwandikia mwajiri barua pepe ya shukrani baada ya usaili, jambo ambalo wenzangu darasani walilijua kutoka kwa baba zao. Mafunzo kazini niliyoyapata kupitia mpango huo yalizaa ajira niliyo nayo leo.

Msomaji, Dar es Salaam

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina CPA(T) na natarajia kuja huko kuungana na mwenzangu. Je, chama cha jimbo kinaweza kunisaidia kubadilisha cheti changu bila kufanya mtihani upya?

Mwanzisha mada, Dallas

Hapana, ndugu yangu, na ni vema ulijue kabla hujakata tiketi. Wamarekani wana makubaliano ya kutambuana na vyombo vya nchi chache, kama Kanada na Australia, ambavyo wanachama wake hufanya mtihani mmoja tu. Tanzania na Kenya hazimo. Utafanya karatasi zote nne, tatu za lazima na moja ya kuchagua, kila moja kwa alama 75 au zaidi. Anza sasa kuomba nakala rasmi za matokeo ya chuo, zikiwa zimefungwa na kupigwa mhuri, kwa sababu kuzifuatilia ukiwa huku ni kazi ya miezi. Kisha tazama jimbo unalokuja na usome masharti ya bodi yake, si ya jimbo la rafiki yako.

Unakuja jimbo gani?

Msomaji, Dar es Salaam

Texas. Fort Worth.

Mwanzisha mada, Dallas

Basi Fort Worth ina tawi lake. Ukifika niandikie, tutakwenda wote mara ya kwanza, usije ukasimama peke yako na kikombe cha kahawa kama mwenzetu wa Minneapolis. Na ile kozi ya maadili, tafadhali, isome chuoni.