Waliosoma uzamili wa mawasiliano na midia ya kidijitali nje ya nchi, tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Watu wanaopata nafasi ya kusoma nje huniuliza yale yale: viza, ufadhili, nauli. Hayo yameshajibiwa sana. Naomba hapa tukusanye mambo ya darasani kwenyewe, maana fani yetu ina ugumu wake. Mwenzako wa hisabati akikaa kimya, hesabu zake zinamsemea. Sisi tunasomea mawasiliano, na ukimya wetu unasomwa vibaya.

Naanza na yangu. Semina ya kwanza tulikuwa kumi na mmoja tumeizunguka meza. Makala zote tatu nilikuwa nimezisoma, nimezipigia mistari, pembeni maswali kwa penseli. Saa mbili zikaisha sijafungua mdomo. Kila nilipoipanga sentensi kichwani ikakaa sawa, mjadala ulikuwa umeshahama. Nilizoea kusubiri mwalimu anitaje, na kule hakuna wa kukutaja.

Wiki ya tano profesa akaniita ofisini, akaniuliza kwa upole kama napata muda wa kusoma. Nikamwekea zile makala mezani. Akafunua ukurasa mmoja, wa pili, akaona penseli imejaa kila mahali. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wiki ijayo wewe ndiye utakayeanza. Njoo na swali moja tu." Tulifanya hivyo wiki tatu mfululizo. Nikajifunza kuanza kusema hata kama sentensi bado haijakamilika kichwani. Nyie yaliwakuta yapi?

Mchangiaji wa 1

Yangu ni ya data. Tasnifu yangu ilihusu maoni ya Kiswahili chini ya video za siasa. Kule kila mtu alikuwa anatumia programu ya kupima hisia: unaipa maoni, inakuambia hili ni chanya, hili hasi, hili la kati. Nikaipa maoni yangu. Karibu yote yakarudi "ya kati". Ile programu ilitegemea orodha ya maneno ya Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili kwake kilikuwa kama karatasi tupu.

Msimamizi akashauri nitafsiri kwa mashine kwanza. Hapo ndipo mambo yakaharibika zaidi. "Jamani mbavu zangu!" likahesabiwa hasi, kana kwamba mtu ameumia. "Nimekufa mimi" hasi. Halafu "Hongera sana kwa kutuharibia" likawekwa chanya. Nikachapisha ishirini ya namna hiyo, nikamwandikia mwalimu maana ya kila moja kwa mkono, nikampelekea. Alisoma yote mbele yangu, akasema, "Hii sasa ndiyo tasnifu yako."

Kweli ikawa hivyo. Mimi na mzungumzaji mwenzangu wa Kiswahili tulisimba maoni 1,200 kwa mikono, yaani tuliyapa alama ya chanya, hasi au kati, kila mtu peke yake, kisha tukapima tulivyokubaliana kwa kipimo cha kappa. Mara ya kwanza tulikuwa chini sana kwa sababu ya kejeli tu: yeye aliona sifa, mimi naona kijembe. Ikabidi tukae, tuandike mwongozo wa kusimba wenye mifano, turudie upya. Miezi miwili ilienda hapo, na siijutii hata siku moja. Ndiyo sura watu wanayoniuliza mpaka leo.

Mleta mada

Mkuu umenikumbusha Stuart Hall, yule mwanazuoni wa midia na utamaduni. Alipoeleza mwaka 1973 kwamba ujumbe husimbwa upande mmoja na kusimbuliwa upande mwingine, na msomaji anaweza kuukubali, kujadiliana nao au kuupinga, alikuwa anasema jambo hilo hilo la kejeli yenu. Naye alikuwa mwanafunzi kutoka ng'ambo: alitoka Jamaika mwaka 1951 kwenda Oxford, akaanza udaktari wa fasihi juu ya Henry James, akauacha. Kila nilipotaka kubadilisha mada nilimkumbuka.

Mchangiaji wa 2

Kwa wanaokwenda Marekani, angalieni namba ya programu yenu kabla ya kukubali nafasi. Kila kozi ina namba ya serikali, na huandikwa kwenye fomu ya I-20, ile chuo kinayokupa ya kuombea viza. Mawasiliano ya jumla ni 09.0100, mawasiliano ya kidijitali na midia anuwai ni 09.0702. Mimi na rafiki yangu tulikaa jengo moja, tukasoma nusu ya vipindi pamoja. Yeye alikuwa na ya pili, ambayo ipo kwenye orodha ya sayansi na teknolojia. Tulipomaliza, mimi nilipata ruhusa ya miezi 12 ya kufanya kazi kule, yeye 12 na nyongeza ya 24. Sikuwahi kusikia habari ya namba hiyo mpaka mwezi wa mwisho. Swali hili liulizeni ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwa barua pepe, mpate jibu la maandishi.

Mchangiaji wa 3

Yangu ni ya mwaka 2023. Pendekezo langu lote lilitegemea data ambayo mtandao mmoja mkubwa ulikuwa ukiwapa watafiti bure. Ukafunga mlango, na bei mpya hakuna mwanafunzi angeiweza. Nilikuwa nimeshapata kibali cha kamati ya maadili, yaani nilitakiwa kuanza upya na kamati pia. Nililia, sifichi. Nikageukia mahojiano na watu kumi na wanane wanaoendesha kurasa kwenye mtandao huo, na nikapata mambo ambayo namba zisingenipa. Ila weka njia ya pili ndani ya pendekezo tangu mwanzo, na uiombee kibali pamoja na ya kwanza.

Mchangiaji wa 4

Kwangu ilikuwa manukuu. Nilizoea kuheshimu maneno ya mwandishi kwa kuyaweka kama yalivyo. Kazi ya kwanza ikarudi na alama nyekundu kila aya, kumbe walitaka nieleze kwa maneno yangu. Kituo cha uandishi cha chuo kilinisaidia sana, na ni bure, nendeni mapema.

Mchangiaji wa 5

Nawashukuru sana ndugu zangu. Naondoka mwezi ujao, mada yangu ni vipindi vya redio za Kiswahili vinavyohamia mtandaoni. Nikiwa na jambo moja tu la kufanya kabla ya safari, liwe lipi?

Mchangiaji wa 1

Mtafute sasa hivi mzungumzaji mwenzako wa kusimba naye. Mkubaliane kwa maandishi saa ngapi kwa wiki, na jina lake litatajwa wapi kwenye tasnifu. Mimi nilimtafuta wa kwangu katikati ya muhula, nikamkuta naye ana mitihani, nikasubiri wiki sita.